Baada ya radi: kutafuta kilichoua vifaa kwenye kituo cha redio mlimani

Mvua za kwanza za Novemba hunipa kazi nyingi kuliko za Februari. Februari hunyesha zaidi kuliko Novemba, kwa hiyo wengi wakisikia hivyo hushangaa, lakini fikiria udongo wa huku Mbeya ulivyo mwishoni mwa Oktoba. Tangu Mei haujapata mvua ya maana. Juu ni vumbi, chini ni mkavu, na rodi ya ethi, yaani ya kushusha umeme udongoni, yenye mita moja na nusu, imesimama humo kama kijiti kwenye majivu. Wingu la kwanza likishapanda juu ya Loleza, radi inashukia mnara ambao mizizi yake imekauka.

Mwongozo huu ni wa fundi anayepigiwa simu asubuhi: "Jana usiku ilipiga, leo hatupo hewani." Nimeupanga kwa dalili kwa sababu ukifika kituoni dalili ndiyo unayoikuta, chanzo unakitafuta. Vituo ninavyovizungumzia ni vidogo na vya kati: redio za jamii, ripita (redio zinazopokea na kurusha tena mawasiliano) za doria za misitu, mitambo ya kurusha intaneti kutoka kilima hadi kilima, redio za zahanati zilizo mbali na barabara.

Usiguse kitu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho uliyoisikia. Ukisikia nyingine, anza kuhesabu upya. Hii inahusu kupanda mnara, na inahusu vilevile kushika waya wa ethi chini, kwa sababu radi inayopiga hata kilima cha jirani inaweza kupandisha volti kwenye waya ulioukumbatia. Kupima ethi kunakulazimu kufungua viungo na kutandaza nyaya shambani. Kama anga limeanza kuwa jeusi upande wa Uporoto, funga kila kitu kilivyokuwa, urudi kesho.

Mlango wa mtandao umekufa, vingine vyote vizima

Naanza na hii kwa sababu ndiyo ninayoikuta mara nyingi siku hizi, na ukiielewa vizuri zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Unakuta transmita inawaka, chaja inawaka, taa ya mnara inawaka. Swichi ya mtandao ina milango minane, mmoja umekufa, na ndio uliochomekwa kebo inayotoka kwenye antena ya intaneti mnarani. Au kompyuta ya studio nzima kabisa, ila haioni mtandao tena. Wanabadilisha swichi, inakaa wiki tatu, inakufa vilevile.

Kituo kimoja upande wa Rungwe kilipoteza swichi nne ndani ya msimu mmoja. Nilipozunguka jengo nikakuta ethi mbili. Ya kwanza ilikuwa chini ya mnara, imetengenezwa vizuri. Ya pili ilikuwa nyuma ya studio, mita 18 kutoka mnarani, rodi mpya inayong'aa na waya wa kijani na njano unaoingia dirishani hadi kwenye raki ya kompyuta. Waliniambia fundi aliyetangulia aliwawekea "ethi safi" ili kompyuta zisichanganyikane na uchafu wa mnara. Alikuwa na nia njema kabisa. Lakini rodi ile ndiyo iliyokuwa inaua swichi.

Piga hesabu hii. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa kama kiloampea 30. Ukishuka kwenye ethi ya omu 10, mnara na kila kilichofungwa juu yake vinaruka kwa muda mfupi sana hadi kama volti 300,000 juu ya udongo wa mbali. Rodi iliyo nyuma ya studio inabaki chini zaidi ya hapo, kwa sababu iko pembeni. Sasa kati ya mnara na studio kuna nini? Kuna kebo moja ya mtandao, nyembamba, ndiyo daraja pekee. Tofauti yote ya volti inatafuta njia humo, na mwisho wa njia ni kijimlango cha swichi kilichojengwa kwa ajili ya volti chache tu.

Ndege hutua kwenye waya wa umeme mkubwa na asife, kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye volti zilezile. Vifaa vyako unataka vikae kama ndege huyo: mnara ukipanda, raki ipande nao, chaja ipande nayo, kompyuta ipande nayo. Kinachounguza ni tofauti kati ya kitu na kitu. Kwa hiyo unapofuata chanzo cha uharibifu wa radi, swali la kwanza liwe hili: *kifaa kilichokufa kimesimama kati ya ethi ipi na ethi ipi?*

Pale Rungwe hatukung'oa rodi ya nyuma. Tulichimba mfereji wa sentimita 60 kwenda chini, tukaiunganisha na ethi ya mnara kwa waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 50, tukauzungushia nyumba nzima mpaka ukawa pete. Kisha tukafunga bamba moja la shaba ukutani, pale pale kebo zinapoingilia, na kila kebo inayotoka nje ikagusa bamba hilo kabla ya kuingia ndani: kebo za antena kwa ganda lake la shaba iliyosukwa, kebo ya mtandao kupitia aresta yake (kifaa kinachomwaga mpigo wa radi kwenye ethi), ethi ya umeme wa TANESCO, ethi ya raki. Ukiwa na uwezo wa kuvuta faiba kati ya mnara na studio, vuta. Kioo hakipitishi umeme. Hakikisha tu faiba hiyo haina waya wa chuma ndani wa kuikaza, na kama unao, ukate kabla ya kuingia jengoni.

Chaja au pawa saplai imeungua, redio nzima

Hapa usipande mnara kwanza. Mpigo umekuja kwa njia ya umeme wa nguzo. Laini ndefu inayopanda kilimani peke yake inaokota radi za kijiji kizima.

Fungua boksi la umeme utazame aresta. Nyingi zina kidirisha: kijani maana yake ipo kazini, nyekundu maana yake imejitoa mhanga na tangu hapo hakuna kinga. Nimekuta vidirisha vyekundu vyenye vumbi la miaka. Halafu angalia urefu wa nyaya za aresta, na hapa watu hawaamini mpaka uwaeleze hesabu. Waya ulionyooka una tabia ya kupinga mkondo unaobadilika ghafla, na kipimo chake ni kama mikrohenri moja kwa mita. Mkondo unaopanda kwa kiloampea 10 kila mikrosekunde unaacha volti 10,000 katika kila mita ya waya. Aresta nzuri yenye mkia wa mita mbili hadi kwenye ethi inamwachia chaja wako volti 20,000 zilizobaki juu ya mkia huo. Nyaya za aresta zote kwa pamoja, juu na chini, zisizidi nusu mita. Kata zilizojikunja. Waya wa ziada uliofungwa kama kitanzi cha kamba "tusije tukauhitaji baadaye" ni adui.

Kituo chenye mnara kinahitaji aresta nzito, aina ya 1, pale umeme unapoingilia, na aina ya 2 kwenye boksi la ndani. Ukiwa na moja tu ya aina ya 2, itakufa na chaja wake.

Inarusha vizuri, haisikii

Watu wa mbali wanakusikia, wewe huwasikii mpaka wakaribie. Mpigo mdogo uliopita kwenye kebo ya antena umeunguza hatua ya kwanza ya kipokezi, ambayo ni laini kuliko sehemu zote. Chukua redio ya mkononi, iunganishe na kebo ileile ya antena. Ikisikia, antena na kebo ni nzima na redio ya kituo ndiyo mgonjwa. Isiposikia, nenda dalili inayofuata.

Usirudishe redio iliyotengenezwa kabla ya kubadilisha aresta ya kebo ya antena. Aresta ya gesi iliyopigwa sana inaweza kufa kimya: kwenye mita inaonekana nzima, lakini haipitishi tena mpigo inapotakiwa.

Nguvu inayorudi imepanda baada ya radi

Nguvu inayorudi ni ile ambayo kebo au antena inaikataa na kuirudisha kwenye transmita. Mita ilikuwa inaisoma wati moja, leo inaisoma wati kumi na transmita inajipunguza yenyewe.

Hapa mafundi wengi hukosea na omu-mita. Wanapima kati ya waya wa katikati ya kebo na ganda lake la shaba, wanaona sifuri, wanasema kebo imeshoti. Antena nyingi za redio zimejengwa zikiwa zimeshoti kwa mkondo wa moja kwa moja, na hiyo ni sehemu ya kinga yake. Kuna aresta pia ambazo kwa maumbile yake husoma sifuri, wakati zile za gesi zinatakiwa zisome wazi kabisa. Usipojua kituo chako kilisoma nini kilipokuwa kizima, mita haiwezi kukusaidia. Ndiyo maana ninapomaliza kufunga kituo naandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa raki: aresta imesoma nini, antena imesoma nini, nguvu inayorudi ni kiasi gani.

Pima kwa kugawa. Ondoa antena, weka mzigo wa bandia (kifaa kinachokula nguvu badala ya antena) mwisho wa kebo, uone kama nguvu inayorudi imeshuka. Ikiwa kebo ndiyo mbaya, ipitie kwa mkono kutoka juu hadi chini, polepole, bila glavu. Unachotafuta ni tundu dogo kama la sindano kwenye ganda jeusi la nje, lenye ukingo mgumu ulioungua. Mara nyingi liko pale kebo inapoegemea chuma cha mnara. Radi ilirukia pale. Maji ya mvua huingia kwenye tundu hilo na kuteremka ndani. Ukichuna ganda mita moja chini yake, utakuta shaba iliyosukwa imegeuka kijani, na ukiikamua inatoa tone. Kebo hiyo haitibiki. Ikate yote.

Mruko wa namna hiyo unakuambia kwamba ganda la kebo na mnara havikuwa kitu kimoja. Ganda lifungwe ethi juu karibu na antena, lifungwe tena chini kabla kebo haijakunja kuelekea jengoni, na mara ya tatu kwenye bamba la ukutani. Kwenye mnara mrefu ongeza katikati. Waya wa kufungia uelekee chini, usikunjwe kwa pembe kali. Mkunjo uwe mpana kama wa sahani kubwa ya wali, sentimita 20 au zaidi.

Mvumo kwenye sauti, au kukwaruza

Mvumo mzito usiokoma, unaosikika hata mtangazaji akinyamaza, ni umeme wa hezi 50 unaozunguka kati ya ethi mbili kupitia kebo ya sauti. Wengi huutibu kwa kukata mguu wa ethi kwenye plagi. Tafadhali, usikate. Mvumo unapotea kweli, na siku chaja ikivuja umeme kwenye bodi, mtangazaji ndiye atakayekuwa waya wa ethi.

Mvumo huo ni taarifa ya mapema. Unakuonyesha kwa volti ndogo ileile tofauti ambayo radi itaionyesha kwa volti laki. Tafuta ethi ya pili iko wapi, iunganishe na bamba kuu. Ukibaki mvumo kidogo, weka transfoma ya sauti katikati.

Kukwaruza kunataka masikio. Kama kunaanza kabla ya mvua, kunavuma kama mafuta ya kukaangia, na kunaisha wingu likipita, ni umeme wa angani unavujia kwenye ncha za antena, si hitilafu. Kukija na upepo, siku ya jua kali, kuna kiungo kilicholegea au chenye kutu. Mtu mmoja atikise nyaya za kushikilia mnara, mwingine asikilize redioni. Na hapohapo angalia kama nanga za nyaya hizo zina ethi yake. Mara nyingi hazina.

Kipimo kinasoma vizuri, vifaa bado vinaungua

Kipima ethi cha kubana waya ni kitamu kwa sababu hakikulazimu kuchimba wala kufungua kitu. Lakini kinapima mzunguko. Ukikibana kwenye waya unaotoka mguu mmoja wa mnara, ukaingia kwenye pete na kurudi mguu wa pili, kitakusomea omu 0.3 na utafurahi. Umepima urefu wa waya tu, udongo hukuugusa.

Njia ya kuaminika ni ya nguzo tatu. Chomeka kijiti cha mkondo mbali, tuseme mita 40 kutoka kwenye rodi, na kijiti cha volti kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani karibu mita 25. Soma. Sogeza kijiti cha volti mita nne kuelekea rodi, soma. Kisha mita nne ng'ambo ya pale ulipoanza, soma. Masomo matatu yakikaribiana, amini. Yakipishana sana, kijiti cha mkondo kiko karibu mno, kipeleke mbali zaidi. Pete kubwa inataka umbali mkubwa kuliko rodi moja. Zima umeme kabla ya kutenganisha ethi unayoipima.

Omu ni nyingi mno

Hapa ardhi ya Nyanda za Juu Kusini inatofautiana hata kati ya kilima na kilima. Udongo mwekundu wenye unyevu wa Tukuyu unashika. Kwenye miteremko yenye changarawe nyepesi za volkano, maji yanapita bila kukaa. Na Iringa, kwenye vilima vya mawe ya matale, unapiga rodi nyundo kumi inagoma kwa sentimita 40.

Rodi moja ya mita tatu, unene wa milimita 16, kwenye udongo wenye ukinzani mahususi wa omu-mita 100 inakupa kama omu 33. Kwenye udongo wa omu-mita 1,000, rodi ileile inakupa kama 335. Kwa hiyo kwenye mwamba usiendelee kununua rodi fupi za kukata vipande. Enda kwa upana: nyaya ndefu zinazotawanyika kutoka mnarani kama miguu ya buibui, kila moja mita 15 hadi 30, zikizikwa kufuata mifuko ya udongo kati ya mawe. Nyaya kadhaa fupi zinazotawanyika zinapokea radi vizuri kuliko moja ndefu sana. Ukiweza kupiga rodi, ziachanishe angalau kwa urefu wa rodi moja, vizuri zaidi mara mbili, maana zikibanana zinagombania udongo uleule.

Chumvi na mkaa naombwa kila mwaka. Kipimo kinashuka kweli siku hiyo. Mvua za misimu miwili huosha chumvi, na ile inayobaki inakula rodi. Bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, haioshwi hivyo na hushika maji. Zege lenye chuma ndani linafaa pia, na kama msingi wa mnara haujamwagwa bado, unganisha nondo zake na ethi kabla ya zege. Lenga omu 10 au chini yake. Mwamba ukikunyima, kazi ya kuunganisha vyote kwenye bamba moja ndiyo itakayookoa vifaa, na hapo usifanye mzaha hata kwenye nati moja.

Waya wenyewe haupo

Kituo kimoja cha ripita kilipigwa mara tatu kabla ya Krismasi. Nilipanda na bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha kwa miguu. Mlinzi alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutengeneza tena? Hii radi imetumwa. Ya Mungu haipigi mahali pamoja mara tatu."

Sikubishana naye. Nilimwomba tuzunguke mnara pamoja. Kwenye mguu wa kaskazini palikuwa na lagi ya shaba, kichwa cha kufungia waya, imefungwa boliti yake vizuri, na kutoka kwenye lagi ulining'inia waya wa urefu wa kidole. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno; ncha yake bado iling'aa. Mguu wa pili vilevile. Chini, mfereji ulikuwa umefukuliwa na kurudishiwa majani. Mzee alichuchumaa, akaishika ile ncha kwa muda mrefu.

"Walikuja niliposhuka kwenye msiba," akasema.

Shaba tuliyorudisha pale ni ile iliyozikwa tu. Juu ya ardhi tuliweka bamba la chuma cha zinki la milimita 30 kwa 4, limechomelewa mnarani na kupakwa rangi ya mnara, lisilo na bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Pale chuma kinapokutana na shaba tuliweka klampu ya metali mbili na grisi, ndani ya kisima kidogo chenye mfuniko wa zege, ili maji yanayopita kwenye shaba yasidondokee zinki na kuila. Mzee anafungua mfuniko kila Jumatatu, anaangalia, anaandika tarehe kwenye daftari la shule alilopewa. Na Oktoba, udongo ukiwa mkavu kuliko wakati wowote, ndipo ninapopanda na kipima cha nguzo tatu, yeye akinishikia kijiti cha mbali.